Tanga Lako, Tanga Langu: Vidokezo 10 vya Kutogongana Ziwani Naivasha

Jumamosi, saa nane mchana. Asubuhi Ziwa Naivasha lilikuwa limetulia tuli, lakini sasa upepo umeamka na matanga meupe yanakatiza kuelekea Crescent Island. Nimesimama gatini, soda mkononi, natazama boti mbili ndogo za tanga zikijongeleana. Kila nahodha ameinamia nje upande mmoja ili boti yake isipinduke, na kila mmoja amefichwa na tanga lake. Jirani yangu ananigusa bega: "Hao si watagongana?" Sote tunapunga mikono, tunaita, lakini upepo unayachukua maneno. Halafu mlio mmoja, kama mlango wa bati uliobamizwa na dhoruba.

Hakuna aliyeumia, asante Mungu. Boti moja ilitoboka tundu la ukubwa wa kisahani. Lakini kilichonikaa moyoni ni hiki: kutoka gatini tuliuona mgongano ule unakuja kwa karibu dakika mbili nzima. Tuliokuwa nchi kavu tuliuona. Wawili walioweza kuuzuia hawakuuona.

Basi hapo ndipo penye habari njema, mpenzi msomaji! Vyombo vya tanga havigongani kwa ghafla. Mgongano huanza mapema, polepole, huku maji ya kupishana yakiwa bado tele. Ukijua unavyoanza, unaukata ungali mchanga. Uwe mwanafunzi wa tanga, mvuvi wa Karagita, nahodha wa boti ya watalii au mgeni wa wikendi kutoka Nakuru mjini, vidokezo hivi 10 ni vyako. Tutaazima maneno matatu tu kwa ndugu zetu wa pwani: omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma yake, na demani ni ile kamba ya kukazia na kulegezea tanga. Umevaa jaketi la kuokoa maisha? Haya, twende!

1. Chungulia chini ya tanga

Tanga ni pazia. Likijaa upepo huinama upande mmoja na kukuficha kipande kizima cha ziwa, na chombo utakachokigonga kina tabia ya kuwa papo hapo nyuma ya pazia. Dawa yake ni rahisi: kila ukimaliza kuhesabu hadi 30, inama uchungulie chini ya tanga. Ndiyo, kila mara, hata kama ulichungulia sasa hivi na hapakuwa na mtu. Mko wawili? Mpe mwenzako kazi hiyo rasmi, na awe anasema kwa sauti: "Kuko wazi," au "Kuna boti, iko mbali." Kimya si jibu. Ukinunua tanga jipya, tafuta lenye kidirisha cha plastiki angavu chini. Kidirisha chenyewe ni kidogo, lakini faida yake utaiona siku ya kwanza.

2. Uulize mlima Longonot

Utajuaje kama chombo kile cha mbali kitakupita salama au mnakwenda kukutana? Huhitaji mashine yoyote. Shika njia yako moja, kisha tazama kilicho nyuma yake kwa mbali: kilele cha Longonot chenye mita 2,776, vilima vya Eburru, au ukingo wa Mau. Chombo kikisonga mbele na kuuacha mlima nyuma, kitapita mbele yako. Mlima ukionekana kukiacha chombo, kitapita nyuma yako. Lakini kikibaki kimenata palepale kileleni, na kila ukitazama kinazidi kuwa kikubwa, ndugu yangu, mna miadi! Mabaharia wa dunia nzima hutumia kanuni hii, wengine kwa dira. Sisi wa Bonde la Ufa tumepewa milima bure, basi tuitumie.

3. Tepu nyekundu, tepu ya kijani

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini ziliandikwa mwaka 1972 na zikaanza kutumika Julai 1977. Ziwa letu halina mto wa kulipeleka baharini, lakini adabu ile inatufaa sawasawa. Kanuni ya 12 inasema hivi: vyombo viwili vya tanga vikikutana, kimoja kikipigwa na upepo kutoka kushoto na kingine kutoka kulia, cha upepo wa kushoto ndicho kinachopisha. Nani atakumbuka hayo mawimbi yakimrukia usoni? Pita kwa muuza vifaa vya stima ununue tepu mbili. Kwenye boriti ya chini ya tanga, ubavu wa kushoto bandika nyekundu, ubavu wa kulia bandika kijani. Upepo ukitoka kushoto, utakaa kushoto ili kuisawazisha boti, na macho yako yataangukia nyekundu: pisha. Ukiona kijani, ni mwenzako anayepaswa kupisha. Na yeye utamsomaje? Tazama tanga lake limeegemea wapi. Likiwa upande wake wa kulia, upepo wake ni wa kushoto. Na kama uko kwenye nyekundu, ukaona chombo upande unakotoka upepo, usiweze kutambua upepo wake ni wa wapi, usibahatishe. Pisha tu.

4. Aliye juu ya upepo ampishe wa chini

Je, nyote mkiwa na upepo wa upande mmoja? Hapo anayepisha ni yule aliye karibu zaidi na unakotoka upepo. Sababu yake ina mantiki: wa chini mara nyingi ameshafika mwisho wake. Akijaribu kugeuka zaidi kuelekea upepo, tanga litapepea kama nguo kwenye kamba na boti itasimama. Wa juu ana nafasi ya kuondoka, basi aondoke. Na kuna kanuni nyingine inayozipiku hizo zote: anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye mwenye jukumu la kukaa mbali naye hadi amalize kabisa kupita. Anayeendesha gari barabara ya Nakuru kwenda Nairobi hahitaji kufafanuliwa hili. Unayempita hana macho kisogoni! Kumbuka tu kwamba hata wewe wa tanga, ukiipita boti ya injini kutoka nyuma, mzigo ni wako.

5. Pisha mapema, na uonekane unapisha

Tufanye hesabu ndogo. Boti mbili zinaelekeana, kila moja ikienda kilomita 9 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Umbali wa mita 100 kati yake, kama kutoka goli hadi goli kwenye uwanja wa Afraha, unaisha kwa sekunde 20 tu. Sekunde 20! Ukitumia 10 kujiuliza, umebakiwa na 10 za kugeuza boti isiyo na breki. Mwendo ukizidi, muda unayeyuka zaidi, na ubingwa hausaidii. Desemba 2021, katika mashindano ya SailGP kwenye bandari ya Sydney, boti ya Uingereza iliyoongozwa na Ben Ainslie, mwenye medali 4 za dhahabu za Olimpiki, iliigonga boti ya Japani na kuikata omo. Boti hizo huweza kupita kilomita 80 kwa saa.

Kwa hiyo, ukijua ni zamu yako kupisha, geuka sasa, na ugeuke kwa kishindo. Kujisogeza kidogo kidogo humwacha mwenzako gizani, kwa maana kutoka alipo haoni kitu kilichobadilika. Mbinu nyepesi kuliko zote: elekeza omo yako kwenye tezi yake. Kwa kuwa anasonga, ukilenga tezi yake utakuta amekwisha pita. Na mkipishana, mpungie mkono. Ziwa ni dogo, mtakutana tena kwa chai.

6. Haki ni yako? Nyoosha njia, macho wazi

Umewahi kukutana na mtu mlangoni, ukaenda kulia naye akaenda kulia, ukarudi kushoto naye akarudi kushoto? Nchi kavu mnacheka na yanaisha. Majini ngoma hiyo huvunja mbao. Ndiyo maana anayepishwa naye ana wajibu wake: kushika njia moja na mwendo mmoja, ili anayepisha ajue apite wapi. Usiyumbe, usimfanyie hisani ya ghafla. Lakini haki haielei kama boya! Ukiona mwenzako haonyeshi dalili ya kugeuka, piga kelele, kisha ondoka mwenyewe kungali na nafasi. Kanuni yenyewe inakuruhusu, na ikifika mahali ambapo yeye peke yake hawezi tena kuuepusha mgongano, inakulazimu. Jiwekee mpaka wako leo. Kwa mfano: "Akifika urefu wa boti sita bila kugeuka, nageuka mimi." Ukiamua ukiwa mezani, majini utatekeleza tu.

7. Legeza demani kwanza, ndipo ugeuze usukani

Hapa ndipo wengi wanaojua kanuni zote bado hugonga. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linalosema habari za maji yanayochafuka, na waliolipa ziwa jina hilo walikuwa wamelitazama vizuri alasiri. Upepo huja kwa mikupuo. Mkupuo ukikupiga huku tanga limekazwa, boti hulala ubavu na kujivuta yenyewe kuelekea upepo. Sasa fikiria: unataka kupita nyuma ya mwenzako, kwa hiyo unahitaji kugeuka kuupa upepo mgongo. Unauvuta usukani kwa nguvu zako zote, na boti inakukatalia! Inaelekea kule kule usikotaka, ubavuni mwa jirani. Tatizo si usukani, ni tanga. Iachie demani kwanza, urefu wa mkono au zaidi. Boti itainuka, usukani utalainika, nawe utageuka kama mlango uliotiwa mafuta. Lijaribu jambo hili mara kumi mahali pa wazi, bila chombo jirani, hadi mkono ukariri. Na tafadhali, demani ikae mkononi. Usiifunge fundo katika upepo wa alasiri hata kama vidole vimechoka.

8. Kwenye boya na kwenye magugu, subira ina malipo

Vyombo hugongana zaidi pale vinapolazimika kwenda mahali pamoja. Waliotazama mashindano ya mashua kule Lamu wanajua patamu ni wapi: kwenye kona ya boya, kila tanga likitaka kupita kwa ndani. Kanuni za mashindano zimeliona hilo. Kuanzia umbali wa urefu wa vyombo vitatu kutoka kwenye boya, anayefika akiwa ndani hupewa nafasi ya kuzunguka na walio nje yake. Kwa hiyo usingoje kufika ndipo uulize. Mapema sema kwa sauti: "Niko ndani, nahitaji nafasi!"

Naivasha tuna boya letu la asili, nalo ni gugumaji. Upepo ukilisukuma, ziwa pana hugeuka kichochoro, na boti zote hubanana njia moja. Tangu maji yapande na kufika hadi mtaa wa Kihoto, kuna pia migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, na nyuma yake boti nzima hujificha. Ongeza kiboko mmoja anayeibuka bila hodi, nawe unajua kwa nini mtu hugeuka ghafla na kumwangukia jirani. Mbinu: kaa kulia kwa njia, acha nafasi ya boti tatu au nne kwa aliye mbele, na ukikuta kuna mtu kichochoroni, mngojee nje. Na kabla ya kubisha, yaani kugeuza chombo upande wa pili wa upepo, tazama pande tatu: mbele, begani, na chini ya tanga. Kisha tangaza: "Nabisha!" Usibishe kwa sababu tu aliye mbele amebisha. Wahenga walituambia tusisafirie nyota ya mwenzetu.

9. Furukombe akishuka, wewe tazama boti

Kila mtu ameipenda picha hii. Nahodha wa boti ya watalii anapiga mluzi, anarusha samaki, furukombe anashuka kutoka mtini, kucha mbele, na simu zote zinainuka. Kwa sekunde kumi, macho yote botini yako angani. Nahodha wa tanga, jua kwamba sekunde hizo hakuna anayekuona! Kwa kawaida boti ya injini ndiyo impishe wa tanga, lakini haki ya mtu asiyeonekana ina thamani gani? Wapitie mbali. Nanyi manahodha wa watalii, ombi kutoka moyoni: zungusheni macho pande zote kabla ya kurusha samaki, na mteue mtu mmoja asiyetazama ndege.

Mvuvi aliyetandaza nyavu ni habari nyingine. Huyo hawezi kukimbia, na wewe wa tanga ndiye unayempisha. Tafuta maboya ya nyavu zake, mara nyingine ni chupa tu za plastiki, na uyazunguke kwa mbali, kwa maana wavu ukinasa usukani wako hutageuka tena kumkwepa mtu yeyote. Ukiona kuna mashaka popote, tumia filimbi: mipulizo mitano mifupi ya haraka maana yake "Sielewi unachofanya!" Ifunge kwenye jaketi lako, usiifungie ndani ya begi.

10. Jua likielekea Mau, elekea nyumbani

Huku kwetu karibu na ikweta, giza halibishi hodi mara mbili. Jua likishazama nyuma ya Mau, una nusu saa au pungufu kabla ziwa halijawa jeusi. Na huo ndio wakati upepo unapokufa, wewe uko katikati, tanga limelegea. Jiwekee saa ya kurudi, tuseme saa kumi na moja, na uchukue kasia hata kama hujawahi kulihitaji. Beba pia tochi. Kwa boti ya tanga isiyofika mita 7 ambayo haina taa zake rasmi, tochi nyeupe ndiyo kinga inayotambulika. Lakini usimmulike mwenzako machoni, utampofusha. Mulika tanga lako! Litang'aa lote kama taa ya karabai, na utaonekana kutoka mbali.

Uchovu nao ni aina ya giza. Mjerumani Boris Herrmann aliizunguka dunia peke yake kwa tanga katika mbio za Vendée Globe. Mwishoni mwa Januari 2021, baada ya siku 80 hivi baharini, akiwa amebakiza takriban maili 90 tu kumaliza, alikuwa amejipumzisha, ving'ora vyake havikulia, akagonga chombo cha wavuvi. Alimaliza, wa 5, na boti iliyojeruhiwa. Bahari zote zile, kisha karibu na mlango wa nyumbani! Wewe nawe, ile nusu saa ya mwisho kabla ya gati ndiyo ya kukaza macho.

Na ikitokea bahati mbaya?

Kwanza kabisa, mikono ndani! Mkono wa mtu hauwezi kusimamisha boti yenye uzito na mwendo, na mguu vilevile. Legeza matanga yote, kisha hesabu watu wa pande zote mbili, kwa majina. Usiharakishe kuzitenganisha boti. Huenda omo iliyoingia ndiyo inayoziba tundu. Tundu likiwa juu ya maji au karibu, kaeni upande wa pili ili boti iinamie huko na tundu liinuke, kisha shindilia kitambaa au jaketi la mvua. Boti ikipinduka, ishikilieni. Yaonekana mbali kuliko kichwa cha mwogeleaji, na ziwa hili lina viboko. Na usimwache mwenzako hadi uwe na hakika kwamba yuko salama, hata kama kosa ni lake. Lawama zina siku yake.

Kuna methali ya mabaharia wa pwani: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini katikati ya chombo, ambapo maji yote yaliyoingia hukusanyika. Basi vidokezo vyote kumi hukusanyika mahali pamoja: ona mapema, amua mapema, mwonyeshe mwenzako umeamua nini. Jumamosi hii anza na vitatu tu. Bandika tepu, funga filimbi kwenye jaketi, na ukiwa majini uulize Longonot. Sisi tulio gatini tutakuwa tunatazama, na safari hii tutapunga mikono kwa furaha.